Daftari limejaa ila supavaiza anasema sio data, nifanyeje?

Swali limetoka kwa dada mmoja anayesoma masters ya sosholojia, nalifupisha. Amekaa wiki 2 kwenye kijiwe cha bodaboda huko Mbagala, utafiti wake ni jinsi madereva wanavyogawana abiria na kumaliza ugomvi wao wenyewe bila mtu wa serikali kuwepo. Daftari limejaa, kurasa karibu 80, kapeleka kwa supavaiza, kajibiwa "haya ni maoni yako, data iko wapi?" Sasa anauliza aandike akiwa pale pale au akirudi nyumbani maana akitoa daftari tu watu wananyamaza, anauliza pia data ya kushuhudia inatofautiana vipi na maoni, na mwisho kama hizo wiki 2 azitupe aanze upya.

Pole mdogo wangu, na hongera pia, maana wengi wanaoniuliza haya mambo huwa wamekaa kijiweni siku 2 wakaona jua kali wakarudi kugawa dodoso. Wewe wiki 2 ushazoea vumbi. Ule ukurasa ulionitumia nimeusoma na ntakuambia ukweli, supavaiza wako yuko sahihi, ila kaongea kiofisi ndo maana hujamuelewa.

Sentensi zako, nimezitoa kwenye kiingereza, ni hizi: "Asubuhi kijiwe kilikuwa kimechangamka sana. Madereva wengi ni wakorofi na hawaheshimu foleni. Abiria wa kike walionekana kuwa na hofu." Basi. Haya, kimechangamka ndo watu wangapi? Ukorofi, nani kafanya nini kwa nani? Na hofu umeionaje, alitetemeka, alikumbatia begi, aliuliza bei mara tatu, au wewe ndo ulikuwa na hofu? Mimi ambaye sikuwepo umenipa hukumu, kesi yenyewe sijaisikia. Hakimu ni wewe, shahidi ni wewe, na ushahidi umebaki kichwani kwako.

Kinachonifurahisha ni kwamba data unayo. Tulivyoongea kwenye simu nilikuomba unisimulie asubuhi moja tu, yoyote ile, ukanisimulia dakika kama 5 hivi na mimi nikawa naandika, na hiki ndo nilichoandika:

"Saa 12:40 asubuhi. Pikipiki 11 zimepangwa kwenye ukuta wa duka la miamala, zinaangalia barabara. Mwanamke wa miaka kama 30, ana begi la laptopu, katokea upande wa sokoni. Kapita pikipiki ya kwanza, ya pili, ya tatu, kamgusa bega dereva wa nne. Wa nne hajawasha, kamwangalia kwanza yule wa mbele kabisa. Wa mbele kasema 'chukua, wa kwako huyo'. Wa pili kasonya. Wakaondoka. Saa 12:58 wa nne karudi, kapaki mwisho wa foleni, upande wa njia. Saa 1:05 kaja kijana na kiroba, kamkuta huyo huyo maana ndo yuko karibu, 'Kongowe shi ngapi?' Hakumtajia bei. Kamwonyeshea kidole aliye mbele, 'ongea na yule'."

Umeona? Huyo ndo mkorofi wako asiyeheshimu foleni. Ndani ya dakika 25 kapita foleni mara moja, alafu karudisha abiria aliyemjia mwenyewe miguuni, yani kakataa hela. Kwa hiyo foleni ipo na inaheshimiwa, ila ina mlango wa pembeni, na huo mlango unaitwa "wa kwako". Mteja wa kudumu ni mali ya dereva, mgeni ni mali ya foleni. Na hata huyo wa kudumu hachukuliwi hivi hivi, lazima aliye mbele aangaliwe machoni na aseme chukua. Na yule wa pili aliyesonya usimsahau hata kidogo, maana anakuambia sio wote wameridhika na huo utaratibu, na mimi ningekuwa wewe wiki ijayo ningemfuatilia yeye, nijue ana muda gani hapo kijiweni na kama yeye ana wateja wa kudumu au hana.

Sasa hayo yote kwenye daftari yalikuwa wapi? Yalikuwa chini ya neno "wakorofi". Ndo ubaya wa sifa. Ukishaandika mtu mkorofi, mpole, mchangamfu, masikini, umeshafunga jalada, hata wewe mwenyewe baada ya miezi 4 ukirudi kusoma huwezi kulifungua tena.

Usidhani nakusema, mi mwenyewe nimeliwa na hilo. Kazi yangu ya kwanza ya fildi nilikaa soko la samaki la Feri pale Dar, naangalia mnada. Dalali anapaza sauti, fungu la samaki liko mezani, watu wamezunguka, bei inapanda, na wale kina mama wanaonunua samaki kwenda kukaanga na kuuza mitaani, wanaitwa mama karanga, nilikuwa nawaona wamesimama nyuma wamenyamaza. Nikaandika "wanawake hawana sauti mnadani". Nikaiandika na kesho yake, na wiki iliyofuata, nilikuwa naipenda sana hiyo sentensi kwa kuwa ilifanana na vitabu nilivyosoma. Siku moja nimechoka, nimeacha kumsikiliza dalali, macho yakaanguka kwenye mikono. Nikaona mama mmoja ananyoosha mkono nyuma yake bila kugeuka, mwenzake anamwekea noti, na wa tatu naye anaweka. Anayepandisha bei ni mmoja, hela ni ya watatu, na baada ya hapo wakaenda pembeni wakagawana lile fungu kwenye ndoo 3. Kumbe mkono ulikuwa unapita mbele yangu kila siku, nilikuwa naangalia sauti tu kwa sababu sentensi yangu ilikuwa inahusu sauti. Wiki 3 za noti zangu hazina mkono hata mmoja, sina pa kurudi kuangalia.

Kwa hiyo swali lako la pili jibu lake liko hapo. Data ni kile ambacho mtu mwingine akiwa amekaa kwenye benchi hilo hilo angeweza kukiona au kukisikia, hata kama ana mawazo tofauti na yako. Maoni ni unachokifanya wewe baada ya hapo. Vyote viwili unavihitaji, usije ukaacha kufikiri eti unakusanya data, ila visilale kitanda kimoja. Mi huwa nafanya hivi, daftari likiwa wazi ukurasa wa kulia naandika nilichoona na kusikia tu, wa kushoto unabaki mtupu kwa ajili ya mawazo, maswali, "mbona huyu hakucheka", "kesho niangalie nani anafagia". Wa kushoto ukikaa mtupu siku 3 ujue unanakili tu, hufikiri. Wa kulia ukiwa mtupu ndo shida yako ya sasa.

Haya, la kuandika pale pale au nyumbani. Yote mawili, ila ni maandishi mawili tofauti kabisa na watu wengi wanayachanganya.

Pale kijiweni huandiki noti, unaangusha vijimbegu tu. Neno, namba, saa, kauli moja kama ilivyotamkwa. "12:40 laptopu, 4 si 1, 'wa kwako', msonyo." Hicho tu kinatosha usiku kukurudishia picha nzima. Vijimbegu hivyo unaweza kuviandika popote, nyuma ya risiti, kiganjani (nimefanya sana), au kwenye simu, na siku hizi simu imeturahisishia maana kila mtu pale kijiweni anachezea simu, ukiandika meseji nani atashangaa. Ukienda chooni, andika. Ukienda kwa mama ntilie kunywa chai, andika. Ila usirekodi sauti kimya kimya, hiyo hapana, ukikamatwa nayo mara moja tu kijiwe kimekwisha na mwenzako atakayekuja mwakani na utafiti wake atafukuzwa kwa ajili yako.

Noti zenyewe zinaandikwa usiku ule ule. Sio kesho. Sio "nikipumzika kidogo". Ukilala tu nusu imeondoka, na ubaya wake hutajua kama imeondoka kwa sababu kichwa kinajaza mapengo chenyewe, kinakupa asubuhi iliyonyooka ambayo haikutokea. Mi hesabu yangu saa moja ya kukaa inanila saa 2 za kuandika, wakati mwingine 3, kwa hiyo usikae kijiweni saa 9 mfululizo kama unavyofanya, utaandika saa ngapi? Kaa saa 3, nenda kaandike. Na kuna kitu wengi hawaambiwi, usimsimulie mtu kabla hujaandika. Ukifika nyumbani mwenzako anauliza vipi leo, unamsimulia kile kisa kikali cha siku, anacheka, unakinogesha kidogo, alafu ukikaa kuandika unaandika ile hadithi uliyoinogesha. Mwambie ngoja nimalize kuandika ntakuambia.

Anza na saa uliyofika, ulikaa wapi, nani alikuwepo, pita siku nzima kwa mguu kama unatembea tena, na ukikumbuka kitu cha saa 1 wakati umeshafika saa 3 kiandike hapo hapo usirudi nyuma kupanga, mpangilio utafanya baadaye. Chora pia. Siku ya kwanza tu ungechora kijiwe, ukuta uko wapi, mti uko wapi, kivuli kinahama vipi, nani anakaa kwenye lile benchi la mbao na nani anakaaga juu ya pikipiki yake tu hata kama benchi lina nafasi, kwa mchoro huo peke yake ungekuwa na ukurasa wa mambo ya kuuliza.

Saa! Kwenye ukurasa wako umeandika "06:40" mahali na "saa 12:50" mahali pengine, simu inasoma kizungu wewe unawaza kiswahili, alafu baadaye hujui ipi ni ipi. Mi nina mnada mmoja kwenye noti zangu ambao kwa maandishi ulifanyika saa 7 usiku, na Feri wanapiga mnada alfajiri na mchana, mpaka leo sijui ilikuwa lini. Chagua moja uandike mpaka mwisho.

Na lugha. Umeandika noti kwa kiingereza kwa sababu tasnifu itakuwa ya kiingereza, naelewa, unaona unaokoa muda, ila hapo ndo unapoteza zaidi kuliko popote. Dereva akisema "nimepata vichwa vinne tu tangu asubuhi" wewe umeandika kiingereza cha abiria wanne. Lakini yeye kasema vichwa. Na kwa yule dada wa laptopu hawakusema kichwa, wamesema "wa kwako". Kwa hiyo kuna mtu ambaye ni kichwa na kuna mtu ambaye ni wa kwako, hapo una sura nzima ya tasnifu na ukitafsiri uwandani imekufa. Akisema "alinikaushia" andika alinikaushia, akisema buku andika buku, usiandike shilingi elfu moja kama benki. Utatafsiri mwishoni ukiwa umekaa na kamusi na chai. Maneno uliyoyasikia kabisa yaweke kwenye alama za kufunga na kufungua, maneno unayokumbuka maana yake ila sio yenyewe yaandike bila alama, uwe mkali kwenye hilo, kwa sababu miezi ikipita utaanza kunukuu watu vitu ambavyo hawajawahi kusema.

Sasa kuhusu wananyamaza ukitoa daftari. Hebu jiulize kwenye mtaa kama ule nani huwa anakuja na daftari na peni. Mtu wa ushuru, mtu wa manispaa, mtu wa mikopo, polisi. Hakuna aliyekuja na daftari akaondoka bila kuchukua kitu. Kwa hiyo sio aibu hiyo, ni akili. Barua yako imetoka chuo ikapita kwa Katibu Tawala wa Mkoa ikashuka wilayani, kata, mpaka kwa mtendaji wa mtaa, safi kabisa, lakini ile barua imekuruhusu kwa serikali, kijiwe hakijakuruhusu bado. Kijiwe kina mwenyekiti na katibu wake, nenda kwao, na uombe useme mbele ya wote unatafuta nini na hutafuti nini. Alafu urudie, kwa sababu kila wiki kuna sura mpya, kuna deiwaka, yani dereva wa kushikia kwa siku, aliyeshikishwa pikipiki leo tu hajui wewe ni nani. Na wakitaka kuona daftari waonyeshe. Mimi niliwahi kumsomea dalali nilichoandika juu ya mnada wake akanisahihisha, "hapo sikusema 38, nilisema 28, ungenifilisi", kuanzia siku hiyo akawa ananiita akiona kitu, "njoo uandike hii".

Kuogopa kwamba wanabadilika kwa kuwa wewe upo, ni kweli wiki ya kwanza wanakuigizia, heshima nyingi, matusi hakuna. Ila mtu ambaye ana hesabu ya kumpelekea tajiri mwenye pikipiki kichwani na mafuta ya kununua hawezi kukuigizia mwezi mzima, atachoka. Dalili ya kwamba wamechoka ni siku watakapotukana mbele yako bila kukuangalia.

Maswali nayo punguza. Kuna Mmarekani mmoja anaitwa William Foote Whyte, miaka ya 1930 mwishoni alikaa na vijana wa mtaa wa Waitaliano kule North End, Boston, kitabu chake kikatoka 1943. Siku moja yuko na watu wanaongelea kamari, akauliza kwa wema tu kama basi polisi wote walikuwa wamelipwa, watu wakakauka, jamaa akakana, usiku ukaharibika. Kesho yake yule mwenyeji wake, ambaye kitabuni anamwita Doc, akamwambia taratibu aachane na hayo maswali ya nani na kwa nini, akikubalika akakaa tu majibu yatakuja yenyewe hata asipouliza. Na Whyte akaja kukiri baadaye alipata majibu ya maswali ambayo asingejua hata kuyauliza. Mi nakuongezea, swali zuri kijiweni ni lile linalotokana na kitu mlichokiona wote sasa hivi. "Mbona yule kakuonyesha wewe?" hilo anajibu huku anacheka. "Mnagawanaje abiria?" hilo atakujibu kama anahojiwa na redio, atakupa katiba ya kijiwe, na katiba unaihitaji pia lakini uijue kuwa ni katiba.

Huyo huyo Whyte alikolea mpaka siku ya uchaguzi akapiga kura zaidi ya mara moja ili kuwasaidia washkaji wa mtaa, na akalijutia, akaliandika mwenyewe. Nakutajia kwa sababu umeniambia wanakuita dada yetu na wameanza kukutuma ukawasemee kwa mtendaji. Kuwa makini hapo. Kunywa nao chai, changia msiba, ukipanda pikipiki ili mpige stori lipa nauli kamili maana umemtoa mtu kwenye foleni, lakini kuwa msemaji wao wa ugomvi ambao ndo unaoutafiti hapana.

Angalia pia umekaa wapi. Kwa ulivyonieleza kila siku uko kwenye benchi karibu na mwenyekiti kwa sababu ndo aliyekukaribisha, kwa hiyo kijiwe unachokijua ni cha mwenyekiti. Hamia kwa muuza kahawa siku 2. Nenda jioni, nenda siku ya mvua, nenda mwisho wa mwezi hela zikiwepo na tarehe 20 zikiwa hazipo. Foleni uliyonisimulia ni ya saa 12 asubuhi abiria wakiwa wengi, mi ningependa kuiona saa 8 mchana abiria mmoja kwa nusu saa, hapo ndo utajua kama "wa kwako" bado inatamkwa kwa upole.

La hisia nisilisahau, umeandika kuna siku ulikasirika mpaka ukalia na unaona aibu. Usione. Malinowski, yule ambaye vitabu vinamwita baba wa kukaa uwandani, alikaa visiwa vya Trobriand huko New Guinea wakati wa vita ya kwanza ya dunia, akaandika kazi kubwa za kiheshima, na hata Jomo Kenyatta wetu alisoma chini yake London miaka ya 1930. Alafu 1967, ameshafariki miaka 25, mke wake akatoa shajara yake ya siri watu wakashika vichwa, imejaa uchovu, magonjwa, na maneno mabaya juu ya wenyeji wale wale. Mi sioni kama ni sababu ya kumtupa mzee mzima, ila naona alifanya jambo moja la maana, hasira zake zilikuwa na daftari lake. Na wewe nunua la pili, dogo, la kulia humo. Siku utakayochambua data utalifungua kuona siku uliyoandika "wakorofi" ulikuwa umeamkaje.

Majina. Hapa naomba usikilize kwa makini kwa sababu daftari langu lilishasomwa. Nililisahau kwenye benchi la mama ntilie, narudi nakuta kijana mmoja analisoma kwa sauti, watu wamejaa wanacheka, na mimi nilikuwa nimempa kila mtu jina langu la siri, kuna mzee nilimwandika "Mlevi 2". Akawa amekaa pale pale, anasikia. Hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Mlevi 1 ni nani?" Sijawahi kutamani ardhi ipasuke kama siku ile. Tangu hapo naandika D1, D2, M1, ufunguo wa majina uko kwenye karatasi nyingine nyumbani sitembei nayo, na kila sentensi naiandika kama vile mwenyewe atakuja kuisoma, sio nimpambe, niwe tu nimeandika alichofanya. Angekuta "saa 4 asubuhi, M2 kanywa chupa ndogo 2, kalala mezani" angecheka na yeye.

Na namba za pikipiki usiandike. Utaona mengi pale, utaona hela inapita mkono kwenda kwa mtu mwenye sare, utaona bangi, andika kwamba tukio la namna hii limetokea na lilivyozungumzwa, bila namba, bila jina, bila sura. Daftari la mtafiti halina kinga, likitakiwa linatakiwa. Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na chuo chako lazima wana fomu za ridhaa, zisome, lakini hata bila sheria mtu aliyekuachia ukae kwenye benchi lake usimwachie kesi.

Bakapu sasa, haraka. Kila usiku noti zikishaandikwa piga picha kurasa, weka sehemu mbili, na folda iwe na nywila. Mhindi mmoja mwanasosholojia mkubwa, M.N. Srinivas, alikaa kijiji kimoja cha Karnataka mwaka 1948, akachambua noti zake kwa miaka, na 1970 akiwa Stanford kule Marekani ofisi yake ikachomwa moto, nakala zote 3 za noti alizokuwa amezichambua zikaungua. Kitabu akaja kukiandika kwa kumbukumbu, kikatoka 1976 na kikasifiwa. Wewe na mimi sio Srinivas, sisi zikiungua ndo basi.

Wiki 2 zinatosha? Hapana, kwa swali lako hapana, lakini siwezi kukutajia idadi ya siku. Utajua mwenyewe, ukifika mahali unaweza kubashiri dereva atasema nini kabla hajasema, na wiki nzima hukosei, hapo unaweza kuanza kuaga. Ukibashiri ukakosea, kaa.

Na hizo kurasa 80 usitupe. Leo jioni chukua kalamu nyekundu, piga mstari chini ya kila sifa, wakorofi, hofu, changamka, yote, usijionee huruma. Kwa kila mstari jiulize niliona nini mpaka nikasema hivi. Ukikumbuka, andika kwenye karatasi nyingine kwa tarehe ya siku ile na uweke alama kwamba umeiandika leo kwa kukumbuka, kwa sababu haina uzito sawa na ya usiku ule. Ukiwa hukumbuki, andika "sikumbuki" uende mstari unaofuata, utakuwa na sikumbuki nyingi na ni sawa. Zilizobaki, hata zikiwa kurasa 12 tu, mpelekee supavaiza pamoja na ile ya dada wa laptopu. Na kesho usiende asubuhi, nenda saa 8 mchana, ukae kwa muuza kahawa, umwangalie yule aliyesonya.